Bei ya karatasi: je, kifuniko kizuri chaongeza thamani ya sarafu?

Swali letu la leo laonekana dogo. Kule Marekani kuna watu wengi wanaokusanya sarafu, si kwa kununulia mkate, bali kwa kuzitunza. Wengi wao hawatafuti sarafu moja moja tu. Wanunua bunda zima, ni kusema sarafu 20, 25, 40 ao 50 zilizopangwa moja juu ya nyingine na kukazwa ndani ya karatasi ngumu, mfano wa kipande cha bomba. Banki hutoa mabunda hayo katika karatasi ya kawaida, kwa hesabu ile ile iliyoandikwa juu ya sarafu. Lakini kiwanda cha serikali kinachopiga sarafu, pamoja na wafanyabiashara wengine, huuza mabunda ya sarafu za namna ile ile katika karatasi nzuri yenye majina na alama, ao ndani ya sanduku lililopambwa, kwa bei ya juu zaidi. Mnunuzi hulipeleka bunda nyumbani, halifungui, huliweka kabatini, na kujiambia: "Watoto wangu watakuta mali."

Je, watakuta mali? Baada ya miaka 20 ao 30, karatasi ile nzuri itakuwa imeongeza kitu cha kweli, ao baba yule alilipa feza yake kwa kitu cha kutupwa?

Ndugu msomaji, usiseme upesi kwamba hayo ni mambo ya watu wa mbali. Kuna sarafu nyingi zenye jina la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ambazo hazikupata hata siku moja kupita mikononi mwa wauzaji wa soko la Lubumbashi ao la Bukavu. Zilitengenezwa kwa ajili ya wakusanyaji wa ng'ambo, na kwao ndiko zilikouzwa. Jina la nchi yetu limekwisha kuingia katika biashara hiyo. Tena sisi wenyewe twajua taabu ya mtu mwenye noti ya dola iliyopasuka kidogo pembeni. Kwa sheria ya Marekani noti ile haikupoteza nguvu yake, lakini sokoni kwetu muuzaji aigeuza-geuza, kisha airudisha. Basi sura ya nje ya feza yatusumbua sisi pia. Na nyuma ya swali hili dogo limo swali kubwa linalomhusu kila anayeuza na kila anayenunua: kitu chapata wapi thamani yake, na muuzaji ana haki ya kudai bei kwa kitu gani?

1. Thamani za sarafu ni tatu

Tuanze kwa kutenganisha mambo, maana katika biashara hii watu hudanganyika hasa kwa kuyachanganya.

Kwanza kuna thamani ya sheria. Robo dola yahesabiwa senti 25 kwa sababu serikali yasema hivyo na watu wakubali. Aristoteli, mwanafalsafa wa Wagiriki wa kale, aliona kwamba hata jina la feza katika lugha yao latoka katika neno la sheria: feza ni feza kwa mapatano ya watu, wala si kwa asili yake, na watu waweza kuibadili. Bunda la robo dola lina sarafu 40. Hesabu yake ni dola 10, karatasi ikiwa nzuri ao ikiwa mbaya.

Pili kuna thamani ya madini. Mpaka mwaka wa 1964 robo dola ya Marekani ilikuwa na sehemu 90 kwa 100 za madini ya feza. Sheria ya mwaka wa 1965 iliyaondoa, na tangu hapo robo dola ya kawaida ni shaba iliyofunikwa kwa mchanganyiko wa shaba na nikeli. Sasa weka mabunda mawili juu ya meza. La kwanza ni la mwaka wa 1964. Karatasi yake imechakaa na kupasuka, ina madoa ya mafuta. Ndani yake mna gramu 225 za madini safi ya feza. La pili ni la miaka hii yetu. Limefungwa vizuri kwa karatasi ya rangi, na ndani yake hamna madini hayo hata chembe. Mtoto mdogo atachagua lenye rangi. Mtu anayejua atachagua lenye madoa.

Tatu kuna thamani ya hamu, ni kusema bei ambayo mtu yu tayari kuilipa kwa sababu atamani kitu kile. Hamu hiyo yatoka mahali pengi: sarafu ni adimu, ao ni safi kama siku ilipopigwa, ao ina historia. Hii ndiyo thamani inayoweza kupanda juu kuliko zote, na ndiyo inayoteleza kuliko zote. Mtakatifu Agostino, katika kitabu chake juu ya Mji wa Mungu, aliwaonyesha wasomaji wake jambo la kuhuzunisha: katika masoko ya zamani zile farasi aliuzwa kwa bei kubwa kuliko mtumwa, na kito kwa bei kubwa kuliko mjakazi, ijapokuwa mtu apita farasi na mawe yote kwa cheo cha asili. Bei yafuata haja na tamaa ya mnunuzi, haifuati daraja ya vitu vyenyewe. Basi tukisikia kwamba sarafu fulani ina bei kubwa, tumejua jambo moja juu ya wanunuzi. Hatujajua bado jambo lo lote juu ya sarafu.

2. Kifuniko chafanya kazi gani?

Tuangalie chikwange. Mama huifunga katika majani, na majani yale yana kazi: yaizuia isikauke wala isichafuke, yaisaidia kusafiri. Hakuna anayeyadharau majani. Lakini pia hakuna anayeyaweka kabatini baada ya kula.

Kifuniko cha sarafu chaweza kufanya kazi tatu. Ya kwanza ni kulinda. Sarafu isiyoguswa na mikono, isiyogongana na nyingine mfukoni, hubaki safi, na wakusanyaji hulipa zaidi kwa usafi huo. Kazi hii ni ya kweli. Lakini kulinda hakutokani na uzuri wa karatasi. Bunda la karatasi huacha sarafu mbili za mwisho zikitazama nje, moja huku na moja huku, na hizo hupata madoa ya hewa haraka. Kuna hata vifuniko vinavyoua kile vinachokilinda: plastiki laini ya namna ile iitwayo PVC, ambayo wakusanyaji wengi waliitumia zamani, hutoa polepole utelezi wa kijani unaokula shaba na madini ya feza. Mwenye mali ataona plastiki inang'aa, na ndani yake sarafu yaharibika. Bomba la plastiki ngumu isiyo na sumu hiyo, lisilo na picha wala jina, lafanya kazi vizuri zaidi, na bei yake ni ndogo.

Kazi ya pili ni kushuhudia. Karatasi yasema: sarafu hizi zilipigwa mahali fulani, mwaka fulani, hazikutumika. Ushuhuda wa kweli ni kitu cha thamani. Diploma haimpi mtu elimu, lakini yamsaidia asiyemfahamu kusadiki kwamba alisoma. Kazi hii tutairudia, maana ndiyo yenye fumbo.

Kazi ya tatu ni kupamba, ni kusema kupendeza macho ili mtu anunue. Kupamba si dhambi. Lakini pambo hufanya kazi siku ya kuuza. Baada ya siku hiyo kazi yake imekwisha, na mnunuzi hawezi kumdai mtu mwingine amrudishie bei ya pambo, isipokuwa akimpata mtu wa kupendezwa nalo kama alivyopendezwa yeye.

3. Bunda la mwaka wa 1950

Tusibaki katika maneno ya jumla. Matendo ya watu yatufundisha. Mwaka wa 1950 kiwanda cha Denver kilipiga sarafu za senti tano 2,630,030 tu, zenye herufi D. Kwa nchi kubwa kama Marekani hesabu hiyo ni ndogo sana. Habari zikaenea, na watu wakakimbilia banki. Hawakuchukua sarafu moja moja. Walichukua mabunda ya sarafu 40, yenye hesabu ya dola 2, wakayaweka bila kuyafungua.

Bei ikapanda. Katika miaka ya kwanza ya 1960 wakusanyaji wa Marekani walishikwa na homa ya mabunda, na bunda hili lilikuwa kama mfalme wao. Kufika mwaka wa 1964 bunda moja lenye hesabu ya dola 2 liliuzwa kwa zaidi ya dola 1,000. Kisha homa ikapoa, na bei ikaanguka. Miaka zaidi ya 60 imepita, na bunda kama lile lauzwa leo kwa bei iliyo chini sana kuliko ile ya 1964, ijapokuwa dola yenyewe imepoteza sehemu kubwa ya nguvu yake ya kununua. Aliyenunua wakati bei ilipokuwa juu, akamwachia mwanawe bunda lile, alimwachia hasara.

Sababu yake nini? Sarafu zilikuwa chache kweli. Hapo hapakuwa na uongo. Lakini kwa kuwa kila mtu aliziweka, karibu zote zilitunzika. Sarafu za kale zinazotafutwa sana leo zilikuwa adimu kwa sababu watu wa wakati wao hawakuzijali: walizitumia, wakazipoteza, zikalika, zikayeyushwa. Zilizobaki safi ni chache kwa sababu hakuna aliyefikiri kuzifunga. Lakini kitu kinachowekwa na watu wote siku ile ile, kikiwa kimefungwa vizuri, hakiwezi kuwa adimu baadaye. Karatasi inayokuhifadhia bunda lako yahifadhi pia bunda la jirani yako, na la jirani wa jirani yako. Na siku mtakapotaka kuuza, mtakutana wote kwenye mlango mmoja.

Hili ndilo jambo la kwanza ambalo muuzaji wa vifuniko vizuri halisemi. Kifuniko kikiuzwa kwa watu wengi kwa ahadi ya faida, wingi wa wanunuzi ndio unaobomoa ahadi.

4. Sarafu moja, bei mbili

Tangu mwaka wa 1999 mpaka 2008 Marekani ilitoa robo dola za majimbo yake 50, majimbo matano kila mwaka, kuanzia Delaware mpaka Hawaii. Katika miaka hiyo kumi sarafu zaidi ya bilioni 34 zilipigwa. Kiwanda cha serikali kiliziuza pia katika mabunda na mifuko maalum kwa wakusanyaji, na kampuni za watu zilifuata kwa matangazo makubwa magazetini. Wazee wengi waliweka akiba yao humo, wakifikiri wamewaandalia wajukuu. Leo mengi ya mabunda hayo hayapati sana kupita hesabu ya sarafu zilizomo, na dola 10 za leo hazinunui vile dola 10 za 1999 zilivyonunua.

Mfano wa pili ni wazi zaidi. Mwaka wa 2007 zilianza kutoka sarafu za dola moja zenye picha za marais. Bunda lina sarafu 25. Mtu aliweza kwenda banki na kupata bunda kwa dola 25 kamili. Aliweza pia kuagiza kwa kiwanda cha serikali bunda la sarafu za rais yule yule, katika karatasi maalum yenye jina la rais, kwa zaidi ya dola 30. Sarafu ni moja, mwaka ni mmoja, serikali ni moja, bei ni mbili. Tofauti yote ilikuwa ya karatasi na ya kazi ya kufunga na kutuma. Watu wa kawaida hawakuzitumia sana sarafu hizo. Kufika mwisho wa mwaka wa 2011 zaidi ya bilioni moja zilikuwa zimelala katika maghala ya banki kuu, na serikali ikaacha kuzipiga kwa ajili ya matumizi ya kila siku. Kitu kilichojaa maghala hakiwi adimu kwa kuvikwa karatasi.

Lakini tuwe wa haki. Robo dola zile za majimbo ziliwapa watu wengine faida isiyo ya feza. Wazazi walikaa na watoto wao, wakazitafuta katika chenji ya dukani, wakazipachika moja moja katika ubao wa karatasi wenye ramani ya nchi. Mtoto alijifunza majimbo, mito, milima na historia ya taifa lake. Sarafu zile zilikuwa zimetumika, hazikuwa na kifuniko wala bei ya pekee. Bunda lililofungwa halikumfundisha mtoto kitu.

5. Kisanduku cha Carson City

Sasa msomaji mwenye akili atanipinga: "Je, hakuna hata kifuniko kimoja kilichoongeza thamani?" Kipo, na yafaa kukieleza, maana haki yadai tusikilize pande zote mbili.

Katika mji wa Carson City, jimbo la Nevada, palikuwa na kiwanda cha serikali kilichopiga sarafu tangu 1870 mpaka 1893. Dola zake za madini ya feza, zenye herufi CC, zilikaa ndani ya mifuko katika hazina ya serikali miaka mingi bila kutoka. Serikali ilipogundua kwamba zilikuwa zimebaki karibu milioni 3, ilizitenga, kisha ikaziuza kwa watu kwa njia ya posta, tangu 1972 mpaka 1974, na tena mwaka wa 1980. Nyingi zilitiwa kila moja katika kisanduku cha plastiki ngumu, pamoja na karatasi ya maelezo. Wanunuzi wengine walivunja plastiki ile na kuitupa. Leo wakusanyaji hulipa zaidi kwa dola iliyobaki ndani ya kisanduku chake cha kwanza kuliko kwa dola ya namna ile ile iliyotolewa.

Kwa nini hapa kifuniko kimeshinda? Kwa sababu nne. Kitu kilichomo kilikuwa chema tangu mwanzo: madini ya feza, kazi ya kiwanda kilichokwisha kufungwa. Uuzaji ulikuwa na mwisho. Kisanduku kile hakitolewi tena na serikali. Kifuniko chenyewe kilionyesha kitu: mtu aona sarafu pande zote mbili, hahitaji kukisia. Na zaidi ya yote, kisanduku chashuhudia neno la kweli: sarafu hii ilitoka katika hazina ya serikali, ikakaa salama. Basi watu hawalipii plastiki. Walipia ushuhuda ulioambatana na plastiki.

Kinyume chake, kuna ushuhuda usio na kitu nyuma yake. Katika miaka ya 2000 wafanyabiashara wengine waliuza sarafu mpya zenye kitambulisho kinachosema kwamba ni za mapigo ya kwanza, wakaongeza bei kwa sababu hiyo. Kiwanda cha serikali chenyewe kilitangaza kwamba hakiandiki ni sarafu ipi iliyopigwa mbele na ipi nyuma. Shahidi anayesimulia jambo ambalo hakuna aliyeliona, hata akivaa vizuri namna gani, hafai barazani.

6. Shahidi asiyeweza kuulizwa

Sasa tufike penye fumbo. Kisanduku chaonyesha sarafu, lakini bunda la karatasi laificha. Waona sarafu mbili za mwisho tu. Nyingine 38 wazisadiki.

Waswahili husema juu ya mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia. Bunda lililofungwa ni gunia dogo. Na biashara ya mabunda ya zamani ina udanganyifu unaojulikana sana: mtu huweka sarafu nzuri mwanzoni na mwishoni, katikati hujaza sarafu zilizochakaa, kisha hufunga. Karatasi tupu zauzwa, mashine za kukunja ncha za karatasi zauzwa pia. Si kazi ngumu. Muuzaji mwingine hatii sarafu mbaya, lakini amekwisha kufungua bunda, akachagua nzuri zote, akafunga tena na kusema "halijafunguliwa."

Angalia sasa mnunuzi yuko katika hali gani. Amelipa bei ya juu kwa sababu bunda halijafunguliwa. Akilifungua ili ajue ukweli, aua kile alicholipia. Asipolifungua, hajui anamiliki nini. Basi akiba yake yote yasimama juu ya kutojua kwake. Atakapoliuza kwa mwingine atamwambia nini? Hawezi kuapa juu ya kilichomo. Aweza kupitisha tu neno alilopewa na mtu asiyemfahamu. Na mnunuzi wa tatu atafanya vile vile. Bunda lapita mikono mingi, kila mmoja alipia tumaini la yule wa mbele yake, wala hakuna aliyetazama ndani.

Hapa naona hatari iliyo kubwa kuliko hasara ya dola chache. Mtu aliyezoea kuuza asichokijua azoea pia kusema neno la kweli nusu. Asema "naliuza kama nilivyolipata," na neno hilo ni la kweli; lakini alisema kwa sauti ambayo yamfanya mwenzake atumaini hazina.

7. Muuzaji aweza kudai bei gani?

Mtakatifu Toma wa Akwino, katika karne ya 13, alichunguza maswali ya kuuza na kununua, na maneno yake yatusaidia sana hapa. Afundisha kwamba muuzaji akiachana na kitu na kupata hasara ya pekee, aweza kuhesabu hasara ile katika bei. Lakini kama mnunuzi ana haja ao faida ya pekee, na muuzaji hapati hasara yo yote, muuzaji hana ruhusa ya kupandisha bei kwa sababu hiyo. Sababu yake ni nzuri sana: faida ile yatoka katika hali ya mnunuzi, si mali ya muuzaji; na mtu hawezi kumwuzia mwenzake kitu kisicho chake.

Tutie mafundisho hayo katika swali letu. Muuzaji wa mabunda aweza kudai bei ya karatasi, ya mashine, ya mshahara wa wafungaji, ya ghala, ya posta, na faida ya haki kwa kazi yake. Hakuna wa kumlaumu. Lakini tumaini la baba anayefikiri juu ya watoto wake si mali ya muuzaji. Likiwa ndilo linalopandisha bei, muuzaji auza kitu kilichokuwa tayari moyoni mwa mnunuzi.

Wengine watasema: "Muuzaji hakudanganya, alinyamaza tu. Mnunuzi angeweza kuuliza sarafu ngapi zilipigwa." Toma alilijua pingamizi hilo. Atoa mfano wa mfanyabiashara anayeleta ngano mahali penye njaa, naye ajua kwamba wengine waja nyuma na ngano nyingi. Je, alazimishwa kuwaambia wanunuzi? Ajibu kwamba haki yenyewe haimlazimishi kabisa, maana jambo lile ni la wakati ujao. Lakini akisema, ama akipunguza bei, atakuwa na wema zaidi. Twakubali. Ila tuone tofauti mbili. Kwanza, sarafu bilioni 34 si jambo la wakati ujao. Zimekwisha kupigwa, na muuzaji azijua. Pili, yule wa ngano alinyamaza; hakupiga ngoma sokoni akisema "fanyeni haraka, ngano hii itakuwa adimu." Kunyamaza ni jambo moja, kupamba kwa maneno kitu cha kawaida ni jambo jingine. Na juu ya ila iliyofichika ndani ya kitu, Toma hana mashaka: muuzaji anayeijua sharti aiseme, la sivyo bei ile ameichukua kwa hila. Anayejua kwamba bunda lake lilifunguliwa na kufungwa tena, kazi yake ni kusema.

Hapo twaona kwamba sheria hii si ya wauza sarafu peke yao. Yamhusu mwenye kuweka nyanya nzuri juu na zilizooza chini, na mwenye kupaka rangi baiskeli ya zamani.

8. Na mnunuzi?

Kukusanya sarafu si kosa. Ni kazi ya utulivu, yafundisha historia, yamzoeza mtu kutazama kwa makini. Lakini mnunuzi naye ana wajibu mbele ya nyumba yake, hasa akiwa masikini ao mzee, maana feza anayofunga kabatini yaweza kuwa karo ya shule ao dawa. Kabla ya kulipa ajiulize maneno manne.

Kwanza: kama karatasi hii ikiungua usiku wa leo, nitabaki na nini? Hiyo ndiyo thamani ya msingi. Zaidi ya hapo ni bahati nasibu.

Pili: kifuniko hiki chalinda kweli, ama chapamba tu? Ikiwa chalinda, je, hakuna kitu cha bei ndogo kinacholinda vile vile?

Tatu: chashuhudia nini, na nani aweza kuthibitisha ushuhuda wake? Kisanduku kinachoonyesha sarafu na kilichotoka kwa mwenyewe kina neno la kusema. Karatasi iwezayo kufungwa tena na mtu ye yote ina neno dogo.

Nne: watu wangapi wanahifadhi kitu hiki hiki, kwa sababu hii hii, siku hii hii? Wakiwa wengi, asitumaini uhaba.

Jibu letu basi ni hili. Kifuniko cha pekee hakitii thamani ndani ya sarafu. Chaweza kuhifadhi thamani iliyomo, na chaweza kuishuhudia. Kwa kazi hizo mbili chastahili bei yake, na mara chache, kama kule Carson City, bei hiyo yadumu na kukua. Lakini kikiwa ni pambo tu, ao kikiwa ni shahidi asiyeweza kuulizwa, bei yake yaisha siku ile ile ya kununua. Waliotutangulia walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sarafu njema itajiuza hata katika karatasi yenye madoa.

Na wewe msomaji mwenye meza sokoni, ao duka dogo, ao kazi ya kushona, funga mali yako vizuri, maana usafi ni heshima kwa mnunuzi. Lakini acha mlango wa kifuniko wazi ili atazame ndani, na akiuliza, mwambie yaliyomo.